Siku Niliyoyagawa Mawazo

"Kilo mia moja na nne!"

Muuguzi alitamka hivyo, kwa sauti ya mtu anayenadi nyanya, na mimi nikiwa bado nimesimama juu ya mzani, viatu mkononi. Mzani wenyewe ulikuwa kwenye korido, mbele ya mabenchi mawili yaliyojaa wagonjwa.

"Mama, kwani unakula nini?" akaniuliza. "Hebu waambie na wenzako."

Watu walicheka. Baba mmoja aliyekuja kwa ajili ya kifua alicheka mpaka akapaliwa. Nilikuwa na miaka arobaini na nne, mama wa watoto watatu, mtu anayesalimiwa kwa heshima mtaa mzima wa mpakani, na unajua nilifanya nini? Nilicheka pamoja nao. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Yule muuguzi nilishamsahau sura, lakini kicheko changu mwenyewe bado nakisikia.

Nilikuwa nimekwenda pale kwa sababu ya kichwa. Wiki tatu kisogo kilikuwa kinaniuma, na asubuhi ile maandishi ya kwenye kompyuta yalianza kucheza mbele ya macho yangu. Walinipima presha. Muuguzi akaisoma mashine, akapima tena. Namba hiyo hakuitangazia korido. Akaniingiza kwa daktari, kijana aliyekuwa akiandika huku akichungulia simu yake.

"Una presha, mama. Iko juu sana. Punguza mwili, punguza mawazo."

"Nipunguzeje, daktari?"

"Ule kidogo. Na usiwaze sana. Mwingine!"

Mwingine akaingia. Mimi nikatoka na vidonge na agizo la kutowaza sana, nikarudi kazini Tunduma.

Nafanya kazi kwa wakala wa forodha. Karatasi za malori yanayovuka kwenda na kutoka Zambia na mbele zaidi hupita mikononi mwangu. Lori likikwama, dereva ananipigia mimi. Mwenye mzigo naye ananipigia kutoka Dar es Salaam. Bosi ananipigia kuuliza kwa nini mwenye mzigo amempigia yeye. Mtandao wa forodha ukikatika, wote watatu wananipigia kana kwamba nimeukata mimi kwa meno. Nilikuwa napokea simu nikiwa ibadani, nikiwa bafuni, nikiwa nimeshika mkono wa mtoto mwenye homa.

Chakula cha mchana kilikuja kilipopata nafasi: chipsi mayai kutoka kibanda cha jirani, soda baridi, mkono mmoja kwenye sahani na mwingine kwenye kompyuta. Sikuwa nasikia ladha. Nyumbani nilikaa mbele ya sahani ya ugali na sikutaka kuinuka, maana mdomo ukiwa umejaa hakuna anayekutaka uzungumze. Ile ndiyo ilikuwa likizo yangu. Watu huona mnene wanadhani anapenda sana chakula. Mimi nilikuwa napenda kuachwa.

Mume wangu ni afisa kilimo huko Chitete. Anakuja Ijumaa jioni na vumbi la barabara mpaka kwenye kope, anaondoka Jumapili baada ya ibada. Mama yake anaishi nasi kwa kuwa ana sukari, na kliniki yake ya kila mwezi nilikuwa nampeleka mimi. Chakula chake, dawa zake, vidonda vyake vya miguu, mimi. Watoto na shule yao, mimi. Na kwa kuwa nyumba yetu iko karibu na barabara kuu, kila ndugu yake anayevuka mpaka hulala kwetu, na kila anayelala hula.

Mume wangu ni mtu mwema. Halewi, hanipigi, anawapenda wageni. Ndiyo maana ilinichukua miaka mingi kumkasirikia: hakunipa sababu ambayo jirani angeielewa.

Nilipomweleza habari ya presha alinitazama juu mpaka chini, kisha akajipigapiga tumbo lake, bapa kama ubao wa kukatia mboga.

"Mimi hapa nakula kila kitu," akasema. "Ni kujitawala tu, mama."

Dada yake, wifi yangu mkubwa, ana kibanda cha vipodozi karibu na stendi. Aliposikia alikuja siku iyo hiyo.

"Wifi, tatizo lako dogo mno," akaniambia, akatoa pakiti ya majani ya chai iliyotoka ng'ambo. Juu yake kulikuwa na picha ya mwanamke mwenye kiuno cha nyigu. "Kunywa hii asubuhi na jioni, usile kitu kigumu. Mwezi mmoja tu utakuja kunishukuru. Na hivyo vidonge achana navyo. Dawa za presha ukizianza huachi mpaka unaingia kaburini."

Nilimsikiliza. Mimi ninayesoma kila mstari wa karatasi za forodha, ninayeweza kugundua tarakimu moja iliyokosewa kati ya mia, nilimsikiliza mtu anayeuza mafuta ya nywele. Kwa siku tatu nilikunywa ile chai na kukimbilia chooni. Siku ya nne, kama saa tano asubuhi, nilinyanyuka ofisini kuchukua faili na sakafu ikanijia usoni.

Nilipofumbua macho mwenzangu wa meza ya pili alikuwa ananipepea kwa bahasha. Bosi alikuwa amesimama mlangoni.

"Dada, pole. Lile lori la shaba, kibali chake umekiweka wapi?"

Na mimi, nikiwa nimelala chali, sketi imepanda magotini, mdomo una ladha ya damu, nilimjibu. Nikamtajia droo, nikamtajia na rangi ya faili. Akashukuru akaenda.

Hasira ilinijia nikiwa kwenye bajaji, mwenzangu amenishika bega. Sikumkasirikia bosi peke yake. Nilijikasirikia mimi niliyemjibu.

Safari hii nilipelekwa kituo kingine cha afya. Aliyenihudumia alikuwa mama wa rika langu, na, nisiseme uongo, mnene kama mimi. Alifunga mlango. Akanipima polepole, akasikiliza habari ya chai yote bila kunikatiza, kisha akasema, "Hiyo kaitupe chooni, ndiko ilikokuwa inakupeleka."

Nilicheka. Safari hii nilicheka kwa kutaka.

"Vidonge utakunywa kila siku, hata ukijisikia mzima," akaniambia. "Usijinyime chakula, utaanguka tena. Toa soda, punguza chumvi na mafuta, mboga iwe nyingi kuliko ugali. Tembea nusu saa kila siku. Mwili utapungua polepole, usishindane na mtu." Akaweka kalamu chini. "Nyumbani nani anakusaidia?"

Nilifungua mdomo. Nikatafuta. Nikamtaja mama mkwe, nikakumbuka ndiye ninayemhudumia. Nikawataja watoto, nao vivyo hivyo. Nilihisi kama amenitukana, na nikajua hajanitukana.

"Basi siku moja njoo na mumeo," akasema. "Naye tumpime."

Nilianza kutembea alfajiri inapopambazuka, pembeni ya barabara kuelekea Mpemba. Baridi ya kwetu asubuhi haina mzaha, na upepo unakurushia mchanga. Lakini baridi ilikuwa na nafuu kuliko watu. "Kulikoni, mama, kuna msiba?" "Gari limeharibika?" Mmoja alisimamisha pikipiki akagoma kuondoka mpaka nipande, maana hakuamini mtu wa umri wangu anaweza kutembea bila kuwa na pa kwenda.

Miezi miwili ikapita. Magauni yakaanza kulegea. Na mtaa ukaanza kunong'ona.

Jumamosi moja mchana akina mama wanne wa kanisani walikuja nyumbani. Wakaimba ubeti mmoja, wakakaa, na kiongozi wao akanishika mkono kwa huruma ambayo sikuiomba.

"Dada, tumeona unavyokonda. Tumekuja kukutia moyo. Siku hizi dawa zipo, watu wanaishi, wanazaa, wanajenga."

Ilinichukua muda kuelewa ananiambia nini. Nilipoelewa nikauvuta mkono wangu.

"Nina presha," nikasema. "Nilipokuwa na kilo mia moja na nne, siwezi kupanda ngazi tatu za kanisa bila kuhema, nani kati yenu alikuja kuniombea?"

Mmoja akafungua kitabu cha nyimbo, sikumpa nafasi.

"Mlisema nimenawiri. Mlisema mume wangu ananitunza. Nilikuwa nakufa mkanipongeza. Sasa napona, mnakuja kunizika."

"Tumekuja kwa upendo, dada."

"Na kama ningekuwa na huo ukimwi mnaoufikiria, upendo ndio huu? Wa kuja wanne kunichungulia?"

Waliondoka bila kunywa chai. Jumatatu alfajiri, nilipotoka, mmoja wao, mdogo kuliko wote, alikuwa amesimama getini kwangu amevaa raba za mwanawe. "Mimi pia nina presha," akasema. "Sijamwambia mtu." Tukatembea. Sikumwambia nimemsamehe. Nilimwambia afunge kamba za viatu.

Mume wangu alikataa kwenda kupimwa mara tatu. Mara ya nne nilimwambia sitampikia mgeni yeyote mpaka aende, akaomba ruhusa kazini siku ya Jumatatu. Njia nzima alikuwa anatania. Kituoni aliwaambia, "Mimi namsindikiza mgonjwa tu."

Siku hiyo yule mama hakuwepo, tulipokelewa na muuguzi wa kiume. Alimfunga mume wangu mkono, mashine ikajaa upepo, ikashuka. Akampumzisha dakika kumi, akapima tena. Namba ya mume wangu ilikuwa kubwa kuliko yangu siku ile ya korido. Yeye, mwembamba, mwenye tumbo la ubao.

Uso wake ulibadilika rangi. Nilimwonea huruma, nasema kweli. Mkono wangu ulikuwa tayari unakwenda begani kwake. Ndipo muuguzi akasema, kwa sauti laini ambayo mimi sikuwahi kuisikia nikiwa kwenye mzani:

"Pole sana, mzee. Majukumu mengi, eh? Kazi zinawachosha sana akina baba."

Mkono wangu ulirudi.

Alasiri hiyo wifi alikuja na sufuria ya mchuzi wa kuku wa kienyeji. "Kaka yangu anajiua kwa kazi," akasema hata kabla hajakaa. "Wifi, mpumzishe jamani. Mwanaume anasafiri kila wiki kwa barabara ile!" Hakuna aliyemuuliza anakula nini. Hakuna aliyemwambia ajitawale. Mimi presha yangu ilitokana na ulafi, ya kwake ilitokana na kuwajibika. Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule na bakuli la mchuzi nililotumwa nimpelekee, mchuzi unamwagika kwenye kidole gumba, na sikusikia moto.

Nililiweka bakuli mezani.

"Miezi mitatu iliyopita niliambiwa nipunguze mawazo," nikasema. "Hakuna aliyeniambia niyapeleke wapi. Leo nimepata pa kuyapeleka."

"Mama, kaa chini," mume wangu akasema.

"Sikai. Kliniki ya mama yako ni yako. Wewe na dada yako mtapanga zamu, mimi sitauliza. Wageni wenu, ukiwaalika, uwaalike siku ambayo wewe upo, na wewe ndiye utawatandikia. Mwalimu akiita wazazi, utakwenda. Miaka tisa nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki na ya shule peke yangu. Ningekufa pale ofisini mngeniimbia vizuri, mngesema alikuwa mama wa watu."

"Haya maneno gani mbele ya mgonjwa!" wifi akaingilia.

"Mimi pia ni mgonjwa. Na wewe chai yako ilinitupa sakafuni, mpaka leo hujaniambia samahani."

"Si ulikunywa mwenyewe?"

"Nilikunywa mwenyewe. Kwa hilo nimejisamehe. Wewe bado."

Wifi alinyanyuka. Alikuwa na mengi ya kusema, niliyaona yamejaa kooni kwake. Lakini sauti iliyotoka ilitoka kwenye kiti cha pembeni. Mama mkwe, ambaye siku zote huzungumza kwa kunong'ona, alisema kwa Kinamwanga, lugha ya kwao, polepole, akitazama miguu yake iliyofungwa bendeji:

"Mwacheni aseme. Mimi sikupata nafasi ya kusema."

Wifi akakaa.

Mume wangu aliinuka. Alikwenda uani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mpaka jua likashuka. Nilijiambia yamekwisha, nimeivunja nyumba yangu kwa mdomo wangu. Kisha akaingia jikoni na kuuliza, bila kunitazama:

"Kadi ya kliniki ya mama inawekwa wapi?"

Miaka tisa. Hakujua kadi ya mama yake inawekwa wapi. Nilimwonyesha droo ya kabati, nikaenda chumbani nikauma mto kwa hasira, na katikati ya hasira hiyo nikasinzia usingizi mzito ambao sikuwa nimeupata mwaka mzima.

Ofisini haikuwa rahisi hivyo. Nilimwambia bosi kwamba kuanzia saa saba mpaka saa nane nitakuwa nakula, na saa moja jioni simu yangu nitaizima. Alidhani natania.

"Dada, mpaka haulali. Unajua wasichana wangapi wanaitaka hii kazi?"

"Najua. Wachukue wawili, maana mmoja ataanguka."

Alimchukua mmoja. Akampa wateja wakubwa niliokuwa nawahudumia kwa miaka, na mshahara wangu ukapungua pamoja nao. Wanaosema afya haina gharama waje niwaeleze. Nililia, nikamtukana kimoyomoyo, lakini saa saba nilikula. Wali kidogo, maharage, mboga ya majani, kwenye bakuli nililotoka nalo nyumbani, nimegeuzia kompyuta kisogo. Yule msichana nilimfundisha kazi yote bila kumficha kitu. Kosa si lake. Siku ya kwanza nilimkuta anatafuna mkate huku anaandika, nikamnyang'anya kalamu, nikamwambia, "Kula kwanza." Bosi alikuwa anapita. Alitusikia, akaenda zake.

Leo nina kilo themanini na tisa. Presha imetulia, na vidonge nakunywa kila asubuhi. Sijawa mwembamba, na sina haja. Mume wangu anakunywa vyake akilalamika kwamba vinamkausha mdomo. Mara ya kwanza alipompeleka mama yake kliniki alirudi saa tisa alasiri, njaa imemkunja, akauliza, "Hivi huwa mnakaa foleni namna ile kila mwezi?" Nikamwambia ndiyo. Akasubiri niongeze neno la kumpoza. Sikuongeza. Sasa anakwenda mwezi mmoja, dada yake anakwenda mwezi unaofuata, na kuna miezi wote wawili wanatafuta sababu na mama mkwe anakosa zamu yake. Hapo hunipitia tamaa ya kusema basi, nitampeleka mimi. Mara mbili nimeshindwa nikampeleka. Mara nyingine nimekaza moyo, na nimejiona mkatili, na nimekwenda kazini hivyo hivyo na ukatili wangu.

Yule mama wa kituo cha afya aliniambia hasira nayo inapandisha presha, nijifunze kuiachia. Nimemheshimu katika mengi, hili nimemkatalia. Nilipokuwa mpole kwa watu wote ndipo mishipa yangu ilipokaribia kupasuka.

Pembeni ya barabara tumeacha kutembea. Malori yalikuwa yanatusukumia mtaroni, na dereva mmoja alitumwagia maji machafu akicheka. Tulikwenda kumwona mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo nyuma ya mtaa wetu, akaturuhusu kuuzunguka uwanja wa mpira kabla ya kengele. Tuko saba sasa. Hatuimbi na hatuombi, ingawa wengi ni wa kanisa moja. Tunazunguka na kulalamika kwa sauti: la mume, la mwenye nyumba, la mtoto aliyefeli, la bosi. Mzunguko mmoja kila mtu na lake, na hairuhusiwi kumwambia mwenzio avumilie. Jana zamu ya kwanza ilikuwa yangu, na nilikuwa na mengi, nikatumia mizunguko miwili.